Kicheko cha Safu ya Mbele

Kicheko mnachokiona kwenye vichekesho vya runinga hurekodiwa kabla mchekeshaji hajafungua mdomo. Wengi hamlijui hilo. Mimi nalijua kwa sababu ni seremala wa ukumbi. Jukwaa najenga mimi, viti napanga mimi, na wakati wa kurekodi nasimama pembeni na nyundo kiunoni, nikiutazama upuuzi wote tangu mwanzo hadi mwisho.

Kazi inafanyika hivi. Kampuni inayorekodi ina kamera mbili tu. Zikimwelekea mchekeshaji, haziwezi kuwaona watazamaji. Kwa hiyo watu wakishaketi, kamera zinageuzwa kuwaelekea wao, taa zinawashwa usoni mwao, na mtayarishaji anasimama mbele na karatasi yake na kuamuru: "Chekeni kidogo. Sasa chekeni sana. Sasa shangaeni, mkono mdomoni, halafu mcheke." Watu wazima wenye wajukuu wanacheka hewa kwa robo saa nzima. Vicheko hivyo vinawekwa akiba. Baadaye mhariri wa picha anavichomoa kimoja kimoja na kuvibandika anapotaka. Ukimwona bibi anajifuta machozi kwa kicheko baada ya utani kuhusu wabunge, usidhani bibi huyo aliusikia utani wenyewe. Pengine wakati ule alikuwa amekwisharudi nyumbani kwake.

Mtayarishaji wetu sisi mafundi tulimpa jina la Mama Ujumuishi, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Wadhamini walitaka kipindi chenye ujumuishi. Ukumbi uwe na ujumuishi. Safu ya mbele, hasa safu ya mbele, iwe na ujumuishi. Nililisikia neno hilo kwa siku tatu kabla sijalielewa, na nilipolielewa nikalidharau. Maana yake ilikuwa viti kumi na viwili vilivyochorwa kwenye karatasi, kila kiti na aina yake ya mtu: mzee mwenye mvi, mlemavu, mnene, mweusi sana, mweupe kiasi, mwanamke aliyejifunika kichwa, mwanamke asiyejifunika, utadhani mtu anaagiza rangi za nyumba dukani. Nyuma ya safu hiyo walikaa marafiki wa kampuni, wote wa aina moja, na taa haikuwafikia.

Kiti cha saba kilikuwa kimeandikwa: "Mfanyakazi wa kazi za chini, mwanamke, uso wenye nuru."

"Fundi," Mama Ujumuishi akaniambia, "wewe lazima unamjua mtu wa namna hii."

Alisema hivyo bila aibu hata chembe. Na mimi, bila aibu hata chembe, nikamtajia dada yangu.

Dada yangu ananizidi miaka sita. Anafanya usafi kwenye jengo la ofisi la ghorofa nane, lenye vioo kila upande. Wako wanawake ishirini na wawili, naye walimchagua awe msemaji wao. Wanamwita Mwenyekiti, ingawa kiti chenyewe hawana, na hapo ndipo palipo na taabu yao. Jengo zima halina chumba chao. Koridoni hawaruhusiwi kukaa. Stoo waliyopewa chini ya ngazi imejaa dawa za kusugulia zinazochoma koo. Kwa hiyo chakula cha mchana wanakula chooni, ghorofa ya pili, wawili wawili, mmoja anakula na mwenzake ameshika mlango.

Hilo lilikuwa siri yao. Waume zao walikuwa hawajui, watoto wao walikuwa hawajui. Walikuwa wameandika barua ya kudai chumba, na hata humo ndani waliandika kwamba wanakula "sehemu isiyofaa", wakaishia hapo. Jumatatu saa saba mchana wangepanda wote kwa meneja wa jengo kumkabidhi barua hiyo, Mwenyekiti akiwa mbele. Mimi nilijua kwa sababu dada aliniambia siku moja machozi yakimlengalenga, kisha akasema, "Iishie kwako."

Haikuishia kwangu.

Mchekeshaji mwenyewe wanamwita Mwiba. Ana ndevu zilizochongwa kwa rula, na huvaa koti la mchomelea vyuma ambalo halijawahi kuona cheche. Kila mahali alijitangaza kuwa ni sauti ya wanyonge. Jumatano ya wiki ile nilikuwa napigilia mbao za jukwaa, akaja akaketi ukingoni, miguu inaning'inia.

"Fundi, nipe maisha," akasema. "Maisha yenyewe, siyo ya magazetini. Nataka kuwapiga wakubwa mahali panapouma."

Nimefanya kazi ukumbini pale miaka kumi na saba, na hakuna msanii aliyewahi kuniuliza kitu zaidi ya mlango wa kutokea. Kichwa kikanivimba. Nikatema misumari iliyokuwa mdomoni, nikampa yote: ghorofa ya pili, mlango unavyoshikwa, barua, Jumatatu. Nilidhani atamchoma meneja. Mtu akijiita Mwiba unatarajia kuna atakayemchoma, na mimi sikujiuliza ni nani.

"Hii ni nzito, kaka," akasema huku akiandika kwenye simu. "Nzito sana. Watalia."

Jioni nikampigia dada.

"Nije nicheke?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nicheke nini?"

"Utaambiwa huko huko. Ila uje na sare."

"Na sare nivae? Jumamosi yangu ya kupumzika nivae sare ya kazi?"

"Ndivyo wanavyotaka. Wanataka waonekane watu wa kila aina."

"Mimi ni aina gani?"

Nikajifanya simu inakatika.

"Sema, mdogo wangu. Mimi ni aina gani?"

"Kiti cha saba," nikasema.

Akaguna. Lakini akakubali kuja. Alisema tangu mwaka uanze hajaketi mahali ambapo akiinuka, mwingine ndiye atakayefagia.

Tulirekodi saa nane na nusu mchana. Madirisha nilikuwa nimeyaziba kwa mapazia meusi ili ionekane usiku, na watu wakafundishwa kuitikia "Habari za jioni!" huku nje jua likipasua vichwa. Mlangoni niligawa fomu. Ukitia sahihi, umekubali sura yako itumike kwa namna yoyote. Hakuna aliyesoma. Dada naye hakusoma, kwa kuwa fomu alipewa na mdogo wake.

Mama Ujumuishi akaanza kuwapanga. Alimwinua mama mmoja wa safu ya mbele akamwambia, "Samahani, mnene tayari tunaye." Akawatenganisha mume na mke kwa sababu wanafanana. Mzee mmoja, mpiga chapa mstaafu anayetumia kiti cha magurudumu, alikwama nje kwenye ngazi tatu za mlangoni. Nilikuwa na mbao mbili ndefu, na dakika ishirini zingenitosha kumtengenezea njia. Nikasema hivyo. Mama Ujumuishi akatazama saa yake, akaita wanaume wanne wambebe, na kamera moja ikaletwa mbio kurekodi anavyobebwa.

"Inagusa moyo," akasema.

Mstaafu akawekwa kando ya dada yangu. Taa zikawaka.

"Haya, chekeni sana! Moja, mbili, tatu!"

Watu wakatoa meno. Dada hakuweza. Alikodoa macho kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Ndipo mstaafu akamwinamia, nami nilikuwa hatua mbili tu nikasikia: "Mama, nimebebwa kama kabati. Namshukuru Mungu milango haikufunguka."

Dada yangu akapasuka. Alicheka akajipiga paja, akacheka akainama, akainuka na machozi yanamtiririka, akamwonyesha mstaafu kidole kama kusema "wewe, wewe!" kisha akaanza upya. Kamera zote mbili zikamkimbilia.

"Hicho!" Mama Ujumuishi akanong'ona, amejishika kifua. "Hicho ni dhahabu."

Kisha kamera zikageuzwa, na Mwiba akatoka.

Mwanzo alikuwa mzuri, sitasema uongo. Aliitazama safu ya mbele akasema, "Naona mmepangwa kama picha za vyakula kwenye ukuta wa mgahawa. Kila kitu kipo, ila hakuna kinachoshibisha." Akawasema wakubwa wanaozindua kisima kilekile mara tatu, kila mwaka na mkasi mpya. Mimi mwenyewe nilicheka. Halafu akashusha sauti, akaja ukingoni mwa jukwaa.

"Hivi huko maofisini kwenu, wafanya usafi mnawajua majina?"

Watu wakatazamana.

"Mimi namjua mmoja. Yuko kwenye jengo la vioo, ghorofa nane. Mnajua chakula cha mchana anakula wapi? Chooni."

Ukumbi ukatoa ile "aaah" ya huruma. Dada yangu akageuza shingo taratibu. Hakumtazama Mwiba. Alinitazama mimi.

"Ghorofa ya pili," Mwiba akaendelea. "Huyu anakula, mwenzake kashika mlango. Nikamwuliza, mama, huoni kinyaa? Akaniambia, mwanangu, kinyaa cha nini? Hapa chakula hakisumbuki na safari. Kinapanda na kushuka kituo kilekile!"

Akachutama. Akachutama juu ya mbao nilizozipigilia mwenyewe, akakaza shingo, akawa anatafuna mdomo wazi, mkono mmoja umeshika bakuli la hewa, mwingine kila baada ya tonge unavuta maji. Akaongea puani kwa sauti nyembamba, sauti ambayo hakuna mwanamke yeyote wa lile jengo aliye nayo. Ukumbi ukalipuka. Wa nyuma walilaliana mabegani. Huyo ndiye aliyekuwa akiwatetea wanyonge. Ile huruma ya mwanzo ilikuwa ya kulainishia koo tu.

Meneja hakuguswa hata kwa nusu sentensi.

Dada hakucheka. Alikunja mikono, akakaza uso, akakaa hivyo hadi mwisho. Lakini kamera zote zilikuwa kwa Mwiba.

Alinifuata nyuma ya ukumbi ninakohifadhi mbao.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Yeye tu. Nilidhani atamsema meneja."

"Ulidhani."

"Dada, mimi..."

"Nyamaza. Wenzangu wakikiona hiki, Jumatatu nani atapanda na mimi? Watasema nimewauza. Barua itabaki mfukoni mwangu, nao watabaki kulekule wanakokula. Nenda kakitoe."

"Nitajaribu."

"Sikusema ujaribu," akasema, akaondoka na sare yake.

Chumba cha mhariri kiko juu ya ukumbi, dirisha limezibwa kwa blanketi. Nilipoingia nikamkuta mhariri mwenyewe, mtu mpole wa miwani minene, na nyuma yake wamesimama Mama Ujumuishi na Mwiba. Kwenye kioo Mwiba anachutama, anatafuna, anavuta maji. Kisha ghafla dada yangu, kiti cha saba, ndani ya sare, anajipiga paja, machozi yanamtoka, kidole mbele.

Ukitazama, ungeapa kwamba amekufa kwa raha.

"Huyo hakucheka hapo," nikasema.

"Amecheka," Mama Ujumuishi akajibu. "Tazama."

"Alicheka kabati."

"Kabati gani?"

Nikawaeleza habari ya mstaafu. Mhariri peke yake ndiye aliyetabasamu, na alipoona wenzake hawatabasamu akaacha.

"Fundi, tulia," Mwiba akasema. Alikuwa anajifuta jasho kwa taulo jeupe. "Mimi niko upande wenu. Ule ni uhakiki wa jamii."

"Ulichutama."

"Kuchutama ni lugha ya mwili."

"Mwili wa nani?"

Akalikunja taulo lake. Nikamgeukia mhariri, nikamwomba aweke uso wa dada wa kweli, ule uliokunjamana. Akasema kamera haikuuona, hana. Nikamwomba basi abandike kicheko cha mtu mwingine, wa safu za nyuma, si walicheka wenyewe bila kuombwa?

"Haiwezekani," Mama Ujumuishi akasema, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Fikiria kidogo, fundi. Wakionekana wale wa nyuma wanacheka, itakuwa matajiri wanawacheka maskini. Tutatukanwa. Akicheka yeye, mwenye sare, inakuwa kitu kingine kabisa. Akicheka yeye, sote tumeruhusiwa."

Mpaka leo sijasikia mtu akieleza kazi ile kwa ukweli kuliko hapo. Kiti cha saba kilikuwa mhuri. Mwiba anatukana, Mwenyekiti anagonga mhuri, na wasomi wenye miwani wanayaita matusi hayo uhakiki.

"Dada yangu ataharibikiwa," nikasema.

"Alitia sahihi," akasema Mama Ujumuishi. "Na fomu nadhani uligawa wewe."

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika, nikashuka ngazi. Ningependa kuwaambia kwamba nilipasua kile kioo kwa nyundo. Sikupasua. Jumatatu asubuhi nilirudi kazini kama kawaida kubomoa jukwaa.

Kabla ya hapo, Jumapili mchana, kilitolewa kipande cha kipindi, eti cha kuonjesha watu. Kufika jioni kilikuwa kimeingia kwenye kila simu. Kipande kizima kilikuwa hicho hicho: choo, kuchutama, kicheko cha dada. Chini yake watu wameandika: "Hata mwenyewe amecheka!" Mwingine: "Hawa ndio watu wenye roho nzuri, hawana makuu."

Dada akanipigia.

"Wameona," akasema.

"Umewaambia ni mimi?"

"Wewe ni ndugu yangu."

"Dada, waambie ni mimi."

"Niwaambie nini? Kwamba siri yao nilimpa mdogo wangu, na mdogo wangu akaipeleka jukwaani? Hapo nitakuwa nimejisafisha au nimejipaka?" Akavuta pumzi. "Kesho saa sita wanakutana stoo. Wamenipa ilani: ama wanachagua mwingine, ama barua ichanwe na kila mtu arudi kwenye ndoo yake. Mwingine hawana, wote wanamwogopa yule meneja. Kwa hiyo itachanwa."

Akakata simu.

Jumatatu saa sita kasoro niliacha jukwaa nusu limebomolewa, nikaenda. Mlinzi wa jengo la vioo aliona nyundo kiunoni akadhani nimeitwa kutengeneza kitu, akanipungia mkono nipite. Stoo iko chini ya ngazi, na kabla sijafika mlangoni dawa ilikuwa imekwishanikaba koo, na sauti nikazisikia.

"Mimi mwanangu kaniuliza jana mezani, mama, ni wewe unayekula chooni? Mbele ya baba yake!" Huyo alikuwa mwanamke mrefu wanayemwita Sajenti. "Na wewe umekaa huko mbele, meno nje! Machozi ya furaha!"

"Nimesema sikukicheka hicho," sauti ya dada.

"Ulicheka nini? Tuambie na sisi tucheke."

"Kabati."

"Kabati!" Sajenti akasema. "Mmesikia? Mwenyekiti alikuwa anacheka kabati."

Nikaingia. Wanawake ishirini na wawili wamebanana kati ya ndoo na mafagio, wengine wameketi juu ya madumu. Dada amesimama katikati, barua mkononi.

"Toka," akaniambia.

"Niliyesema ni mimi," nikasema. "Yeye aliniambia kwa uchungu, akaniambia iishie kwangu. Nikaenda nikampa yule mpuuzi wa jukwaani, ili nionekane mtu wa maana."

Sajenti akanipima kuanzia viatu hadi kichwani. "Na huyu ni nani?"

"Mdogo wangu," dada akasema, kama mtu anayekiri ugonjwa.

"Haya. Mdomo ulikuwa wako," Sajenti akaniambia. "Na kicheko je? Nacho ulimwazima wewe?"

Nikaeleza. Kamera mbili, kugeuzwa, kucheka hewa, akiba, kubandikwa. Nilikuwa najiona naeleweka, lakini nyuso zao hazikubadilika. Mmoja akasema mimi ni ndugu, lazima nimtetee. Mwingine akasema uongo wangu nao umepigwa randa. Nikaona maneno hayatanitoa. Nikachukua simu, nikaanza kurekodi.

"Chekeni," nikasema.

Wakanitazama.

"Nawaomba. Chekeni kidogo tu."

Sajenti akaweka mikono kiunoni. "Hebu litazameni dume zima na mvi zake. Limeingia stoo ya wanawake na nyundo kiunoni, linapiga magoti lichekwe! Ndugu yangu, kukucheka wewe hakuhitaji maombi."

Stoo ikalipuka. Walicheka wakashikana, wakapiga madumu, mmoja akateleza kutoka kwenye ndoo na wakazidi. Ilikuwa dharau tupu, dharau iliyojaa tangu jana, na yote ilinimwagikia mimi. Masikio yaliniwaka moto. Nikaendelea kurekodi hadi walipochoka.

"Dada, nipe barua."

Akasita, akanipa. Nikasoma kwa sauti, polepole: "Sisi wafanya usafi ishirini na wawili wa jengo hili tunalazimika kula chakula chetu sehemu isiyofaa." Nikabonyeza simu. Kicheko chao kikajaza stoo, sauti ya Sajenti juu ya zote. Nikazima. Nikasoma mstari wa pili: "Wawili kati yetu wameugua kifua kutokana na dawa zilizomo stoo." Nikabonyeza tena. Simuni wakacheka tena, wakapiga madumu tena.

Mmoja wa hao wawili alikuwa pale pale, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa puani. Alijisikia mwenyewe akicheka ugonjwa wake.

"Zima," akasema. "Zima, tumeona."

Nikazima. Kisha Sajenti akaninyang'anya barua, akamgeukia dada.

"Mwenyekiti, una kalamu?"

"Ya nini?"

"Sehemu isiyofaa, sehemu isiyofaa, tunamficha nani tena? Dunia nzima imeshaambiwa." Akaiweka barua juu ya dumu, akakata maneno mawili kwa mstari mnene, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: CHOONI. Akampa dada barua. Hakumwomba radhi, si mtu wa kuomba radhi. Alimwambia tu, "Haya, tangulia."

Wakatoka mmoja mmoja, wananipita kama wanavyopita nguzo. Dada alikuwa wa kwanza. Hakunitazama.

Yaliyotokea huko juu nilisimuliwa na Sajenti, maana dada alikuwa hanisemeshi. Meneja alimwona tu dada akaangua kicheko. "Ah, kumbe ni wewe! Nimekuona, umenivunja mbavu. Nilidhani ni utani ule." Dada akamwambia si utani, akampa barua. Meneja alisoma akitabasamu mpaka alipofika kwenye herufi kubwa. Akaomba neno hilo libadilishwe kabla barua haijawafikia wenye jengo, liwekwe neno la staha. Dada akamwambia neno la staha lilikuwepo, wamelikata. Wakasimama pale wote, ofisini kwake na koridoni, mpaka alipopiga simu mbele yao.

Wiki tano baadaye wakapewa chumba kilichokuwa cha majalada ya zamani. Dirisha lake linatazama ukuta. Kufikia wakati huo Mwiba alikuwa amekwishapewa tuzo na wadhamini kwa ujasiri wa kusema yasiyosemwa, na kwenye picha ya tuzo wamesimama nyuma yake watu sita wa aina sita. Sikumfahamu hata mmoja.

Nilidhani dada amenifuta. Siku moja simu yake ikaingia. Hakunisalimu.

"Mlango wa chumba chetu unagoma chini. Njoo na randa."

Nikaenda saa sita mchana. Kutoka koridoni niliwasikia wakiongea wote kwa pamoja, vijiko vinagonga mabakuli, Sajenti anasimulia jambo la mumewe na wenzake wanamwambia aongeze. Nikasukuma mlango, ukakwama, nikausukuma tena kwa bega, ukafunguka.

"Ni fundi," dada akawaambia, bila kuinuka. "Mpeni kazi, msimpe maneno."

Nikaung'oa mlango bawabani, nikaulaza sakafuni, nikaanza kupiga randa. Walikula kimya, wote, mpaka nilipomaliza.